Chumba cha kulelea vifaranga uani: moto ubaki nje, joto ndilo liingie

Swali: Shikamoo mtaalamu. Niko Ipuli, Tabora mjini. Nimejenga chumba kipya uani, mita 3 kwa 4, tofali za kuchoma, bati, sakafu ya saruji, madirisha mawili ya wavu, moja mashariki na jingine magharibi. Fundi amemaliza kupiga lipu wiki iliyopita. Mwezi wa sita nataka kuleta vifaranga chotara 200 wa siku moja. Umeme ninao lakini hukatika. Fundi anasema nifunge balbu nne za wati 100. Jirani anasema umeme utanimaliza, niweke majiko mawili ya mkaa na madirisha niyazibe kwa nailoni. Nimfuate nani, na ndani niweke vifaa gani?

Jibu: Marahaba, dada. Kila mmoja amekupa nusu ya jambo, na ushauri wa jirani ukiufuata kama ulivyo unaweza kuua vifaranga wote usiku mmoja. Tena ukiingia humo alfajiri kuwaangalia na ukakaa kidogo, hata wewe uko hatarini. Kwa hiyo tuanze na hilo.

Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Wengi hudhani mkaa ukishakolea, moshi umeisha na makaa ni mekundu, basi uko salama. Sivyo. Makaa mekundu yaliyofunikwa majivu, ambayo ndiyo watu huyapenda kwa sababu hukaa usiku kucha, huungua kwa hewa kidogo, na mkaa unaoungua kwa hewa kidogo ndio unaotoa sumu hiyo kwa wingi. Hewa hiyo hushika damu na kuizuia isibebe oksijeni. Kifaranga huanza kusinzia, anapanua mdomo, kisha anajilaza. Ukimchuna aliyekufa hivyo utaona nyama nyekundu ya kung'aa, na hapo ndipo watu husema "ni ugonjwa". Ziba na madirisha kwa nailoni, umekamilisha kazi.

Lakini mkaa si lazima uutupe. Wazee wa tumbaku hapo Tabora wanalijua jibu miaka mingi. Angalia bani la kukaushia tumbaku ya mvuke: kuni huchochewa nje, moshi hupita ndani ya bomba na kutokea kwenye dohani, majani hupata joto bila kuguswa na moshi. Chumba chako kifuate kanuni hiyohiyo, moto ubaki nje na joto ndilo liingie. Nitakuonyesha njia mbili za kulifanya hilo, moja ya gharama ndogo sana.

Kabla ya joto, chumba chenyewe. Umesema lipu ina wiki moja. Saruji mbichi, lipu mbichi na tofali lililonyonya maji vina unyevu mwingi ambao utakuwa unatoka wiki kadhaa. Ukiwasha taa humo sasa, joto lako litatumika kukausha ukuta, maranda yatalowa kwa chini, na yakichanganyika na kinyesi utapata amonia inayochoma macho ya vifaranga. Acha madirisha na mlango wazi wiki nne kamili, na sakafu usiifunike kwa kitu. Ili ujue kama imekauka, weka kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita juu ya saruji, kibandike kwa utepe wa gundi pembeni zote, ukiache usiku mmoja. Asubuhi ukikuta matone ya maji upande wa chini wa nailoni, sakafu bado. Ikishakauka, paka chokaa kuta zote.

Halafu usijaribu kupasha moto chumba kizima. Usiku wa Juni na Julai hapo Tabora joto hushuka hadi karibu nyuzi 15, na kifaranga wa siku moja anataka nyuzi 32 hadi 35 pale alipo. Ukitaka chumba chako chote cha mita 12 za mraba kifike huko, kuta za tofali moja na bati tupu vitakudai zaidi ya wati 3,000 mfululizo, na karibu nusu ya hizo zinapotea kupitia bati peke yake. Balbu nne za fundi ni wati 400. Ndiyo maana watu hufunga balbu, chumba hakipati joto, wanaziba kila tundu, na kesho yake wanaokota mizoga. Unachopasha moto ni mduara waliomo vifaranga, na kimo kinachohusika ni sentimita 5 za kwanza kutoka kwenye maranda.

Mduara wenyewe utengeneze kwa hadibodi mbili za futi 4 kwa 8. Kila moja ipasuliwe kwa urefu, upate vipande vinne vya urefu wa mita 2.44 na kimo cha sentimita 61. Visimamishe kwa kuvipishanisha, ncha ya kimoja ikiingia nyuma ya kingine kama sentimita 55, mpaka upate mduara wenye kipenyo cha mita 2.4. Hiyo ni mita za mraba 4.5, yaani vifaranga 44 kwa mita, kiasi kizuri kwa wiki ya kwanza. Funga kwa waya wa kufungia nondo, ncha za waya zitazame nje. Uzuri wa kupishanisha ni kwamba kila baada ya siku chache unalegeza waya, unavuta vipande, mduara unapanuka bila kununua kitu, mpaka karibu mita 2.9 ambako utagusa kuta za chumba. Duara pia halina kona, na kona ndiko vifaranga wanaposhikwa na baridi hukandamizana hadi wa chini wanakufa.

Chini weka maranda ya mbao yenye vipande vikubwa, kina cha sentimita 7 hadi 8. Usiweke unga wa msumeno, maana vifaranga huudonoa wakidhani ni chakula na huwavimbia tumboni. Pumba ngumu za mpunga, ambazo kwa mashine za Nzega na Igunga hupatikana kirahisi, zinafaa pia mradi ziwe kavu na zisizonuka uvundo. Siku mbili za kwanza tandaza magazeti juu ya maranda, yale ya karatasi ya kawaida. Karatasi laini ya kung'aa huteleza na miguu ya kifaranga hutanuka isirudi.

Sasa dari. Hiki ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho watu hukisahau. Shona viroba vitupu vilivyofuliwa vipate shuka moja ya mita 2.5 kwa 3.4, uitundike kwa kamba na misumari kwenye kimo cha mita 2 juu ya mduara, ukiacha nafasi ya sentimita 25 hadi 30 pande zote kati ya shuka na ukuta. Joto linalopanda halitakimbilia kwenye bati moja kwa moja, na kwenye ile nafasi ya pembeni hewa chafu itapita kwenda juu. Juu kabisa, chini ya bati, kwenye kuta mbili zinazotazamana, yawepo matundu ya hewa, kila moja sentimita 20 kwa 40, yenye wavu, na hayo hayazibwi usiku wala mchana. Kama fundi hakuyaacha, mwite ayatoboe sasa kabla ya mengine yote.

Madirisha yako ya wavu yanataka pazia, lakini pazia la banda la vifaranga si kama la sebuleni. Lifungwe kwa chini, kwenye kizingiti cha dirisha, halafu livutwe kupanda juu kwa kamba inayopita kwenye msumari au kapi. Ukilifanya hivyo, uwazi unaobaki huwa daima uko juu, na upepo unapita juu ya vichwa vya vifaranga. Pazia linaloning'inia kutoka juu hufungukia chini, upepo unawapiga moja kwa moja. Wakati wa kiangazi upepo wa hapo huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo dirisha la mashariki lifunike hadi ibaki nafasi ya sentimita 15, na la magharibi liache sentimita 30. Tumia turubai au viroba vilivyoshonwa. Wavu wenyewe, kama fundi ameweka ule wa kuku wenye matundu makubwa, ongeza wa chuma wenye matundu ya nusu inchi. Panya mmoja usiku mmoja anaweza kubeba vifaranga kumi, na kicheche haachi hata mmoja.

Tukija kwenye umeme. Fundi wako alikuwa na nia njema, ila balbu za wati 100 za waya wa zamani sasa ni adimu. Utakazopata dukani nyingi ni za LED zilizoandikwa kwamba zina mwanga sawa na wati 100. Hizo mwanga zinao, joto hazina. Tafuta taa za joto za wati 250, zile kubwa nyekundu za kulelea vifaranga. Chumba kikiwa na nyuzi 15, taa moja hubeba vifaranga kama 85, hivyo kwa 200 unahitaji tatu. Zitundike katikati ya mduara kwa umbo la pembetatu, sentimita 60 hadi 70 kati ya moja na nyingine, kimo cha sentimita 45 hadi 50 juu ya maranda. Taa tatu zina faida nyingine: moja ikiungua saa nane usiku, mbili bado zinashika mpaka uamke.

Taa zitundikwe kwa mnyororo mwembamba kutoka kwenye kenchi, na kila moja iwe na kifungio cha pili cha waya wa chuma endapo mnyororo utachomoka. Kamwe taa isining'inie kwa waya wake wa umeme. Taa ya wati 250 ikiangukia maranda, moto unaweza kuanza ndani ya dakika chache, na mabanda mengi ya vifaranga yanayoungua huungua kwa sababu hiyo. Holda ziwe za kauri, kwa kuwa za plastiki hulainika, balbu inachomoka. Umeme wenyewe usiuvute kwa ekstensheni kupitia dirisha la jikoni. Taa tatu ni wati 750, kama ampea 3.3, mzigo mdogo, lakini unakaa saa nyingi kila siku kwa wiki tatu na kiunganisho kilicholegea hupata joto mpaka kiyeyuke. Fundi mwenye leseni ya EWURA akuvutie waya wa milimita za mraba 2.5, wenye nyaya tatu pamoja na ya ardhini, kutoka ubao mkuu wa nyumba, na sakiti breka yake peke yake ya ampea 10. Akiongeza breka ya kukata umeme unapovuja ardhini itakuwa bora zaidi, maana humo kutakuwa na maji na mikono yenye unyevu kila siku. Kila taa iwe na swichi yake.

Hesabu ya LUKU iko hivi. Wiki ya kwanza taa tatu usiku wa saa 13 na mbili mchana ni yuniti 15 kwa siku. Wiki ya pili, mchana ukizima, ni kama 10. Wiki ya tatu taa moja au mbili usiku, kama 5. Jumla ni yuniti 200 na kitu. Kama nyumba yako iko kwenye kundi la wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi, utalivuka na bei ya yuniti itapanda. Liweke hilo kwenye mahesabu mapema.

Umeme ukikatika, hapo ndipo mkaa wa jirani unaingia kwa njia iliyo salama: uchemshe maji nje, maji ndiyo yaingie ndani. Dumu la lita 20 lenye maji ya nyuzi 80, likipoa mpaka 40, limeacha ndani ya mduara joto la karibu yuniti moja nzima ya umeme. Madumu matatu yanayopoa kwa saa nne yanakaribia kazi ya zile taa tatu. Andaa madumu sita ili matatu yawe ndani na matatu yakisubiri zamu. Usitie maji yanayotokota, dumu la plastiki hulegea na kukunjika. Changanya lita nne hivi za baridi, funga kifuniko barabara, lilaze, lifunike gunia moja, uache upana wa viganja viwili kati ya dumu na dumu ili kifaranga asibanwe. Juu yake tandika kitenge au shuka jepesi kwenye vijiti, kimo cha sentimita 30, liwe hema dogo lenye upande mmoja wazi. Vifaranga watajipanga kandokando ya madumu wenyewe.

Ukiniambia utalea vifaranga 200 mara moja au mbili kwa mwaka, taa na madumu yanatosha na usijenge kingine. Lakini ukitaka kuleta kundi kila baada ya miezi miwili, au unafikiria kufika 400, jenga jiko la nje kwa mfano wa bani. Chumba ni kipya, sasa ndio wakati wake. Na ndugu zetu wa Kasulu, Buhigwe na Kibondo, ambako usiku una baridi kuliko Kigoma mjini kando ya ziwa, watafaidika nalo zaidi.

Jiko liwe kwenye ukuta mfupi, karibu na kona. Mdomo uwe nje, mwili uingie ndani ya chumba ili tofali zake nazo zitoe joto. Ndani ya jiko upana sentimita 30, kimo 35, urefu 60. Matofali ya kuchoma 100 yanatosha pamoja na sakafu yake. Kwa juu laza kipande cha chuma cha pipa, kisha matofali juu yake. Usijengee saruji, kwa sababu hupasuka ikipata moto na kupoa kila siku. Tumia udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, sehemu mbili kwa mchanga sehemu moja, na majivu kidogo. Pale ukuta unapotobolewa weka nondo mbili au kipande cha chuma cha pembe kubeba tofali za juu.

Bomba la moshi liwe la bati bapa la geji 24, kipenyo sentimita 15. Shiti mbili za mita 1.22 kwa 2.44 zinatoa vipande vinne vya bomba vya mita 2.44, na wewe unahitaji kama mita 8: mita 4 kando ya ukuta mrefu, mita 3 za kupanda nje, na kona. Kipande cha kwanza kinachotoka jikoni, mita moja, kiwe cha chuma cheusi, kwa kuwa zinki ya bati ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Bomba lianze sentimita 50 kutoka sakafuni, lipande sentimita 5 kwa kila mita, ili litokee ukuta wa pili likiwa kwenye sentimita 70. Bomba lililolala sawasawa halivuti moshi. Kwenye maungio, kipande cha mbele kiingie ndani ya kile kinachokitangulia upande wa jiko. Lami ya moshi hushuka kurudi jikoni, na ukiunga kinyume itachuruzika kwenye maranda yako. Bomba litokee kwenye tofali, lisipite kwenye bati wala karibu na mbao za kenchi, kisha lipande nje mpaka sentimita 60 au zaidi juu ya paa, na lifunikwe kofia. Chini ya kona ya nje acha kifuniko kinachofunguka cha kutolea masizi, nawe uyatoe kila baada ya kundi.

Mdomo wa jiko uwe na mlango wa bati wenye kidirisha cha kupunguza hewa. Kipunguze, usikizibe kabisa, kwani kuni zinazofuka bila kuwaka hujaza bomba lami. Kuni kavu kama kilo moja kwa saa zitafikisha chumba chenye dari kama ile kwenye nyuzi 22 hadi 25, halafu taa moja au mbili tu juu ya mduara zitamalizia hadi 33. Zungushia bomba wavu, umbali wa sentimita 30, na mduara wa hadibodi usiusogelee.

Kabla ya kuliamini, washa na utie majani mabichi yafuke sana, kisha ingia ndani na tochi, kagua kila ungio. Palipovuja utapaona moshi ukichungulia. Ziba kwa udongo uliochanganywa na majivu, rudia mpaka pasivuje hata uzi. Moto wa kwanza na wa pili uwake kabla ya vifaranga kufika ili harufu ya bati jipya iishe.

Vyombo havina maelezo mengi. Vyombo vya maji vya lita 4 vinne, sahani za chakula nne kwa siku tano za kwanza kisha vilishio vya kuning'iniza, vyote vikae pale joto la taa linapoishia, si chini ya taa. Maji yakipata joto hayanyweki na chakula hukauka. Maji ya kwanza yawe vuguvugu. Mlangoni beseni la dawa ya miguu, na ndoo moja ya mchanga kwa ajili ya moto. Vipimajoto viwili, kimoja ukingoni mwa duara la joto, sentimita 5 juu ya maranda, kingine ukutani nje ya mduara.

Wiki ya kwanza lenga nyuzi 32 hadi 35, ya pili 29 hadi 32, ya tatu 26 hadi 29, ya nne 23 hadi 26. Unashusha kwa kuinua taa sentimita 5 hadi 8 au kuzima moja. Ila kipimajoto kisikushinde macho. Vifaranga waliorundikana chini ya taa wakilia kwa sauti kali wana baridi. Waliokimbilia ukingoni, mabawa yamelegea na midomo wazi, wana joto kali. Waliojazana upande mmoja tu wanakimbia upepo, katafute unapoingilia. Waliotawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala kila mmoja kivyake, hao waache.

Tabora ina jambo lake la kuangalia. Juni mchana joto hufika nyuzi 28 hivi, na chini ya bati huzidi. Tofauti ya usiku na mchana ni zaidi ya nyuzi 10, kwa hiyo joto utalipanga mara mbili kila siku: saa tatu asubuhi ukishusha mapazia na kupunguza taa, saa kumi na mbili jioni ukirudisha. Anayeacha taa zote tatu zikiwaka mchana kwa kuogopa baridi huwakausha maji mwilini. Kundi la Oktoba litataka uangalizi wa mchana zaidi kuliko wa usiku.

Kuna hesabu nyingine ambayo hukuiuliza. Mita 12 za mraba zinawatosha vifaranga 200 hadi mwisho wa wiki ya nne tu. Kuanzia wiki ya sita hesabu 8 hadi 10 kwa mita, maana yake chumba hiki kinabeba kama 100 hadi 120. Wengine 80 au 100 wawe na banda jingine tayari. Banda hilo halihitaji joto, ila lisubiri likiwa limekamilika kabla hujalipia vifaranga. Chanjo panga na afisa mifugo wa kata yako mapema: kideri siku ya 7, gumboro siku ya 14, kisha marudio siku ya 21 na ya 28, na jokofu la kuhifadhia chanjo hakikisha ulijue liko kwa nani.

Wiki moja kabla ya kuweka oda, fanya jaribio la usiku mmoja chumba kikiwa kitupu. Weka maranda, mduara, dari, mapazia, washa taa zote tatu saa kumi na mbili jioni. Soma vipimajoto saa nne usiku, kisha saa kumi na moja alfajiri, wakati baridi iko kileleni. Cha ukingoni mwa duara la joto kikisoma 32 au zaidi alfajiri, uko tayari. Kikisoma 28 hadi 31, shusha taa sentimita 5 na uzibe upepo unaopita chini ya mlango, ujaribu tena. Kikiwa chini ya 28, usizibe matundu ya juu hata kidogo. Angalia kwanza kama maranda na sakafu vimekauka, kisha dari kama limepasuka, na vyote vikiwa sawa ongeza taa ya nne. Usiku unaofuata zima umeme kwa makusudi saa mbili usiku, uingize madumu matatu, uone yanashika kwa saa ngapi kabla kipimajoto hakijashuka chini ya 30. Saa hizo ndizo zitakazokuambia jiko la maji liwashwe saa ngapi usiku ambao umeme utakatika kweli. Vifaranga wenyewe waingie kwenye mduara ambao taa zimewaka tayari saa 24, ili saruji iliyo chini ya maranda iwe imepata joto.